Somo la pampu ya Kwale kwa wasanifu wa huduma za simu

Na MWANDISHI WETU

MZEE anafika kwenye kibanda cha wakala wa M-Pesa katika kituo cha biashara huko Mkongani, Kaunti ya Kwale. Anatoa simu mfukoni, anamkabidhi kijana aliye nyuma ya dirisha la waya na kumwomba amtolee Sh1,000. Kisha, bila hata kupunguza sauti, anamtajia nambari yake ya siri.

Tukio la aina hii si la Mkongani pekee. Yeyote aliyewahi kupanga foleni kwa wakala, iwe Ukunda, Msambweni, Kinango au Lungalunga, amelishuhudia au amelisikia likisimuliwa. Aghalabu wanaoliona humlaumu mzee kwa kukosa hadhari, ama huhitimisha kwamba tatizo ni kutosoma.

Hata hivyo, ipo fani nzima ya kitaalamu inayoshikilia kwamba lawama hiyo imeelekezwa kusikostahili. Fani hiyo ni usanifu wa tajriba ya mtumiaji, yaani kazi ya kupanga jinsi mtu anavyokutana na kifaa au huduma: anaona nini kwanza, anabonyeza wapi, anaelewa nini, na akikosea anajinasua vipi.

Msingi wake ni rahisi kuueleza. Watu wengi wanapokosea mahali pale pale, mwenye kosa ni aliyekitengeneza kifaa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Don Norman, aliufafanua msingi huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1988 kuhusu vifaa vya kila siku. Mfano wake maarufu ni wa mlango. Iwapo mlango una mpini wa kuvuta ilhali unapaswa kusukumwa, kila mgeni atauvuta na kuaibika. Kubandika kibao chenye neno "sukuma" hakuufanyi mlango huo kuwa mzuri. Kunathibitisha tu kwamba fundi alishindwa kazi yake. Miaka ya mapema ya 1990, Norman alipojiunga na kampuni ya Apple, ndipo istilahi ya tajriba ya mtumiaji ilipoanza kuenea.

Lakini wakazi wa pwani ya kusini mwa Kenya hawakuhitaji kusubiri wataalamu wa kompyuta. Kwale ilikuwa imeanza kushiriki kazi hiyo miaka kadhaa kabla ya kitabu cha Norman. Chombo kilichohusika hakikuwa na skrini wala betri. Kilikuwa pampu ya maji.

Funzo la pampu

Umoja wa Mataifa uliitenga miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa mwongo wa maji safi na usafi wa mazingira. Visima vingi vilichimbwa na pampu za mkono zikafungwa vijijini. Tatizo likajitokeza upesi: pampu ilipoharibika, ilihitaji lori, winchi na mafundi kutoka mbali ili mabomba mazito yang'olewe kisimani. Mafundi wasipofika, akina mama walirudi kuteka maji kwenye madimbwi.

Kuanzia mwaka 1983, aina mbalimbali za pampu zilifanyiwa majaribio pwani ya kusini, katika iliyokuwa Wilaya ya Kwale. Wizara ya Maji, shirika la KWAHO, Shirika la Misaada la Sweden (SIDA) na mradi wa pampu wa UNDP na Benki ya Dunia walishirikiana katika kazi hiyo.

Wahandisi walijiwekea masharti manne. Pampu iwe imara. Iweze kutengenezwa humu nchini. Iwe ya gharama nafuu. La nne, lililo zito zaidi, ni kwamba iweze kukarabatiwa na mwanakijiji wa kawaida kwa zana chache.

Sharti hilo la nne lilibadilisha mkondo wa kazi. Wanaoteka maji Kwale ni wanawake, kwa hivyo wao ndio waliohusishwa katika kamati za visima na kufunzwa kuzitunza pampu. Mhandisi hakuweza tena kujiuliza iwapo kifaa kinafanya kazi mikononi mwake yeye. Ilimbidi aulize iwapo kinafanya kazi mikononi mwa mama aliyeacha mtoto nyumbani na mwenye ndoo nne za kujaza kabla ya jua kuwa kali.

Majaribio hayo, pamoja na kazi iliyofanyika Malawi, yalizaa pampu ya Afridev. Pistoni na valvu yake huvutwa juu kupitia ndani ya bomba, bomba lenyewe likabaki kisimani. Vyuma vyake huunganishwa kwa kulabu badala ya kukazwa kwa nati. Bushi za mpini ni za plastiki na hupachikwa kwa mkono. Sehemu kubwa ya matengenezo huhitaji spana moja tu na kifaa kidogo cha kuvulia valvu ya chini. Ramani za pampu hiyo ziliachwa wazi kwa umma, kiwanda chochote kikaruhusiwa kuitengeneza.

Hivi leo Afridev hutumika katika mataifa mengi ya Afrika na Asia. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sehemu ya asili yake ni visima vya Kwale.

Hadithi hiyo ina upande wa pili ambao haufai kufichwa. Pampu nzuri haikutosha. Mtandao wa wataalamu wa maji ya mashambani, RWSN, ulikadiria mwaka 2009 kwamba takriban thuluthi moja ya pampu za mkono barani Afrika kusini mwa Sahara hazikuwa zikifanya kazi. Vipuri viliadimika, michango ya kamati iliisha, na waliofunzwa ukarabati walihama au walizeeka. Kifaa kilikuwa kimesanifiwa vyema, ila huduma inayokizunguka haikusanifiwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliishughulikia kasoro hiyo kwa njia ya kuvutia. Walitengeneza kidude kinachotiwa ndani ya mpini wa pampu, kikahesabu mipigo yake na kutuma taarifa kwa arafa. Katika majaribio ya Kyuso, Kaunti ya Kitui, yaliyoripotiwa mwaka 2014, muda wa kusubiri ukarabati ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku tatu. Mpango huo uliletwa Kwale pia, ambako huduma ya FundiFix hukarabati pampu kwa siku chache huku jamii zikilipa ada ya kila mwezi.

Zingatia jambo moja hapa. Teknolojia hiyo haikumtaka mama kisimani kujifunza chochote kipya. Aliendelea kupampu kama kawaida, na habari zikamfikia fundi zenyewe. Wasanifu wengi wa leo huhesabu huo kuwa upeo wa kazi yao: kifaa kumfuata mtu na mazoea yake.

Kwa nini M-Pesa ilieleweka

Ukiichukua kanuni hiyo na kuipeleka kwenye simu, utaelewa ni kwa nini M-Pesa ilishika kasi ilhali huduma nyingi za kifedha za kidijitali kwingineko duniani zilididimia.

Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 jijini Nairobi na mjini Thika, kwa ushirikiano na shirika la mikopo midogo la Faulu. Nia ya awali ilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini waliowachunguza wateja waligundua kwamba watu walikuwa wakiitumia kwa shughuli nyingine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Badala ya kuwakataza, walibadilisha huduma. Ilipozinduliwa rasmi na Safaricom mnamo Machi 6, 2007, ujumbe wake mkuu ulikuwa kutuma pesa nyumbani.

Menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya simu. Kwa hivyo ilifanana katika kila simu, ya bei ghali au ya bei ya chini, na haikuhitaji intaneti. Kila hatua iliuliza swali moja. Baada ya kutuma, arafa ilithibitisha kiasi kilichotumwa, aliyetumiwa na salio. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu noti, arafa hiyo ilikuwa risiti.

Wakala naye alikuwa sehemu ya usanifu. Aliyekwama alipata mtu wa kumwuliza, kwa lugha yake, iwe Kidigo, Kiduruma, Kikamba au Kiswahili.

Hata hivyo, hapakukosekana dosari. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zilikwenda kwa mtu mwingine. Miaka kadhaa baadaye kukaongezwa hatua ya kuonyesha jina la mpokeaji ili mtumaji ajihakikishie kabla pesa hazijaondoka. Hatua hiyo ilirefusha shughuli kwa sekunde chache, lakini iliwaepushia wengi hasara na ugomvi. Ni mfano mzuri wa kanuni nyingine ya fani hii: afadhali kuzuia kosa kuliko kulirekebisha.

Sasa tumrudie mzee wetu wa Mkongani. Kwa nini anataja nambari ya siri kwa sauti? Kwa sababu maandishi ya skrini ni madogo na macho yake yamefifia. Kwa sababu menyu ina lugha aliyoichagua aliyemsajilia laini, si yeye. Kwa sababu akichelewa kubonyeza, safari hukatika na huanza upya. Nambari ya siri ilikusudiwa iwe kufuli, lakini mlango wenyewe umekuwa mgumu kwake kuufungua, naye ameamua kumpa jirani ufunguo.

Hasara inayoweza kumfika ni ya kweli. Pesa za korosho au nazi za msimu mzima zinaweza kutoweka kwa dakika moja, na ushahidi utaonyesha kwamba nambari yake ya siri ndiyo iliyotumika.

Mikondo ya sasa

Ni mambo gani basi yanayoelekeza fani hii leo, na yanamhusu vipi mkazi wa Kwale?

La kwanza ni kuhama kutoka menyu fupi kwenda kwa programu kubwa za simu mahiri. Mwaka 2021 Safaricom ilizindua programu mpya ya M-Pesa inayobeba huduma nyingi pamoja. Juni 2023 serikali nayo ilitangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 zilikuwa zimepandishwa kwenye jukwaa la eCitizen. Kwa mwenye simu nzuri na intaneti thabiti, hiyo ni nafuu kubwa, kwani haimbidi kusafiri hadi mjini Kwale au Mombasa kutafuta stakabadhi.

Lakini wapo wengi wanaotumia simu za vitufe, zile zinazoitwa kwa utani "kabambe" au "mulika mwizi". Kwao mlango ni ule wa misimbo inayoanza kwa kinyota, inayoitwa USSD. Ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182. Kuandika swali la serikali likaeleweka ndani ya herufi hizo ni kazi ngumu kuliko kupamba tovuti, ila mara nyingi hupewa muda mchache zaidi.

Chukua mfano wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Tangu mpango huo uanze Oktoba 1, 2024, Wakenya wameweza kujisajili kwa msimbo *147#. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali ya kaya yake, na majibu hutumiwa kukadiria mchango wake. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na wasio na ajira rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, yaani si chini ya Sh3,600.

Hapo usanifu wa swali haubaki kuwa suala la urembo. Mkulima asiyeelewa anachoulizwa, au anayejibiwa na mtu mwingine aliye na haraka, anaweza kupangiwa mchango usiolingana na uwezo wake. Neno moja lenye utata kwenye skrini hugeuka deni, au hugeuka sababu ya kukosa matibabu.

La pili ni lugha. Juhudi za Kiswahili katika kompyuta si mpya: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Licha ya hayo, huduma nyingi bado hubuniwa kwa Kiingereza kwanza kisha hutafsiriwa mwishoni, neno kwa neno. Matokeo yake ni Kiswahili ambacho Mswahili mwenyewe hukisoma mara mbili, kisha hurudi kwenye Kiingereza.

La tatu ni sauti. Tangu ChatGPT izinduliwe Novemba 2022, makampuni yamekimbilia huduma unazoziamuru kwa maneno. Kwa mzee asiyesoma, hii ingekuwa baraka. Lakini mashine hufunzwa kwa sauti za watu, na ndiyo maana mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za wazungumzaji wa Kiswahili. Swali ni iwapo mashine hizo zitakielewa Kiswahili cha Kwale, chenye lafudhi na msamiati wake, au zitamwitikia tu anayeongea kama mtangazaji wa redio.

La nne ni ufikivu kwa watu wenye ulemavu. Miongozo ya kimataifa imekuwapo tangu 1999, na toleo la 2.2 lilitolewa Oktoba 2023. Kenya nayo ilipata kiwango chake, KS 2952, mwaka 2022. Miongozo hii huhitaji mambo ya kawaida: maandishi yatofautiane vya kutosha na rangi ya nyuma yake, picha ziwe na maelezo yanayoweza kusomwa kwa sauti, vitufe visiwe vidogo mno. Kinachomfaa asiyeona vyema humfaa pia anayesoma simu juani sokoni.

Wakubwa wenyewe husahau hayo. Mwaka 2025 Apple ilipoleta mtindo wa skrini zenye mng'ao wa kioo, wakosoaji walilalamika kwamba maandishi hayasomeki kwa urahisi. Kampuni yenye wasanifu mahiri kupindukia ilirudi kwenye mlango wa Norman.

Usanifu wa hila

Mkondo wa tano unahitaji tahadhari zaidi. Ujuzi ule ule wa kurahisisha jambo unaweza kutumiwa kumtega mtu. Mtaalamu wa Uingereza, Harry Brignull, aliuanika mtindo huo mwaka 2010: kitufe cha kukubali kikubwa na cha kung'aa, cha kukataa kidogo na chenye rangi hafifu, kujiunga kwa hatua moja, kujiondoa kwa hatua kumi.

Muungano wa Ulaya umeupiga marufuku katika majukwaa ya mtandaoni kupitia sheria yake ya huduma za kidijitali ya 2022. Nchini Marekani, kampuni ya Amazon ilikubali mnamo Septemba 2025 kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyodai kwamba iliwasajili wateja katika huduma yake ya Prime bila ridhaa ya kweli na kuwatatiza walipotaka kujiondoa.

Kwetu hila hizo zilionekana zaidi katika programu za mikopo ya simu. Mkopaji alibonyeza "kubali" bila kujua ameruhusu orodha yake ya majina isomwe; alipochelewa kulipa, jamaa na wafanyakazi wenzake wakapigiwa simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu Sh3 milioni kwa kutumia mawasiliano ya watu kinyume cha sheria.

Hapa ndipo pana funzo lisilopendwa na wafanyabiashara. Si kila shughuli inafaa kuwa nyepesi. Kukopa kwa kubonyeza mara moja ni kwepesi mno. Kulipa riba si kwepesi hata kidogo. Msanifu mwadilifu huweka kituo kidogo kabla ya uamuzi mzito, amwonyeshe mtu atalipa kiasi gani na lini, kwa shilingi badala ya asilimia.

Watu watano

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huduma nyingi zinazotumiwa Mkongani hubuniwa na vijana wenye macho makali, simu mpya na intaneti isiyokatika, katika maofisi ya Nairobi. Hawana nia mbaya. Hawajakilalia kitanda.

Dawa si ghali. Mwaka 2000 mtaalamu Jakob Nielsen alieleza kwamba kuwajaribu watumiaji watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro za mfumo. Huketi nao, huwapa kazi ya kufanya, hunyamaza na kutazama wanapokwama. Huhitaji maabara.

Basi wizara, kaunti na makampuni yanayokusudia kuhamishia huduma kwenye simu yangeweza kuanzia hapo. Kabla ya kuzindua, yapeleke mfumo kwa watu watano: mama muuza samaki wa Msambweni, mzee wa Mkongani, kijana wa bodaboda wa Ukunda, mkulima wa Kinango na mtu asiyeona. Yawape simu za vitufe, yawaangalie, yaandike mahali wanapokwama. Gharama yake ni nauli na chakula cha mchana.

Nawe msomaji una haki ya kuudai usanifu huo. Ukikwama kwenye menyu, usiharakishe kujiona mjinga. Lalamika kwa mwenye huduma na utaje hatua uliyokwamia. Badilisha lugha ya menyu iwe ile unayoielewa. Na ukimsaidia mzazi au jirani kutumia simu, mshikie simu lakini mwachie abonyeze nambari ya siri mwenyewe, hata kama itachukua dakika tano na foleni ikanung'unika.

Zaidi ya miaka 40 iliyopita, wahandisi walikuja Kwale wakakuta kwamba pampu bora ni ile ambayo mama wa kijijini anaweza kuifungua kwa spana moja. Mzee wa Mkongani angali anasubiri simu iliyosanifiwa kwa heshima kama hiyo.